Pesa za kuokolewa zinaingia akaunti gani?

"Hizo pesa unazosema tutaokoa, mwanangu, zitaingia akaunti gani?"

Aliyeuliza alikuwa mhasibu wa hospitali moja ya binafsi hapa kisiwani Mombasa, mama wa makamo aliyekaa mwisho wa meza, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Aliyeulizwa alikuwa kijana wa mauzo, shati limepigwa pasi vizuri, na nyuma yake ukutani picha kubwa ya mtambo wa kuchuja maji ya wodi ya figo. Neno "mtaokoa" alikuwa ameshalitaja mara nyingi asubuhi ile. Akameza mate.

"Mama, iko kwenye jedwali."

"Jedwali nimeliona, baba. Akaunti ndiyo nakuuliza."

Mimi nilikuwa upande wa wanunuzi, na sina budi kukiri kwamba kabla ya swali lile nilikuwa nimeshakubali moyoni. Mtambo ulikuwa mzuri, daktari ameupenda, kijana ana adabu. Tangu siku hiyo nimeligeuzageuza swali la yule mama, na naona ndani yake mmo karibu kila kitu ambacho muuzaji wa vifaa vya hospitali anapaswa kukijua, na mnunuzi pia. Mashine ileile inaweza kuwa neema kwa hospitali ya Nyali na mzigo kwa hospitali ya ng'ambo ya kivuko, Likoni, bila skrubu hata moja kubadilika. Kinachobadilika ni nani anayelipa, nani anayevuna, na maji na stima ya pale ilipofungwa.

Tuanze na mnunuzi mwenyewe, maana hapa ndipo wengi huteleza. Hospitali haina mnunuzi mmoja. Daktari ndiye anayeitaka mashine. Muuguzi ndiye atakayeishi nayo. Fundi wa vifaa tiba ndiye atakayepigiwa simu saa nane za usiku ikizima. Afisa wa ununuzi ndiye atakayejibu wakaguzi, mhasibu ndiye atakayetafuta pesa, na mkurugenzi ndiye atakayelaumiwa na wote hao. Muuzaji huja na hotuba moja iliyoandikwa kwa ajili ya daktari, akaisoma mbele ya watu sita wenye hofu sita. Daktari anatikisa kichwa kwa furaha, muuzaji anadhani kazi imekwisha, halafu faili linalala kwenye meza ya uhasibu miezi minane. Hakuna aliyelikataa. Ni kwamba swali la mwenye meza ile halikujibiwa.

Na swali la mwenye meza ile haliishii kwenye bei. Bei ya kotesheni ni mlango tu wa kuingilia. Mashine ikishatoka bandarini Kilindini kuna kuisafirisha, kuifunga, kuitengenezea chumba, kiyoyozi, stabilaiza ya stima na betri za akiba. Kuna kufundisha watu, na kuwafundisha upya wakihama. Kuna vifaa vinavyotumika mara moja na kutupwa, ambavyo kwa mashine nyingi ndivyo vinavyokula pesa kuliko mashine yenyewe. Kuna kandarasi ya matengenezo, vipuri, leseni kwa zile zenye mionzi, na mwishowe gharama ya kuiondoa ikishakufa, jambo ambalo katika maisha yangu yote ya zabuni sijaona muuzaji akilitaja kwa hiari yake.

Kwa Mombasa ongeza mambo ambayo jedwali lililoandikwa Ulaya halina. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Bodi za elektroniki zilizo karibu na bahari hushika kutu mapema, na kiyoyozi kikizimwa usiku ili kubana bili, asubuhi kuna umande ndani ya mashine. Fundi wa kampuni mara nyingi yuko Nairobi, kwa hiyo "huduma ndani ya saa 24" ina tiketi ya ndege na hoteli, na kandarasi isiposema wazi nani analipa, basi analipa mwenye mashine. Halafu kuna dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilivuka Sh160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu Sh130. Hospitali iliyosaini kandarasi ya miaka mitano kwa dola na inayolipwa na bima kwa shilingi ilijua maana ya usingizi wa mang'amung'amu. Hesabu nzuri ya thamani huonyesha kitatokea nini dola ikipanda, na huonyesha kabla ya kuulizwa.

Sasa tupige hesabu yenyewe, tukitumia mtambo ule wa maji, kwa sababu hakuna mfano wa Kimombasa kuliko huo. Mji huu hauna chemchemi kubwa ya kwake. Maji yetu hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mfereji ukikauka ni lori la maji, yaani bowser, au mkokoteni au kisima cha maji ya chumvi. Na mashine ya kusafisha damu, yaani dayalisisi, ni mnywaji mkubwa. Hupitisha kama nusu lita kwa dakika, kikao ni saa nne, kwa hiyo mgonjwa mmoja hutumia lita 120. Tena si maji ya kunywa. Damu yake na maji hayo hutenganishwa na utando mwembamba tu, na kloramini inayowekwa kuua vijidudu kwenye mfereji ikipenya hupasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana wodi ya figo bila mtambo wa kuchuja maji ni viti na vitanda tu.

Malipo ya kikao tunayajua: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, kiwango kilipangwa kuwa Sh10,650, kutoka Sh9,500 za awali. Nambari nyingine zifuatazo ni za mfano. Nimezichagua zigawanyike kirahisi, na mwenye wodi yake ataweka zake.

Tuseme kuna mashine 8, zamu tatu kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hivyo ni vikao 24 kwa siku na 7,488 kwa mwaka, ambavyo ni wagonjwa 72 wanaokuja mara mbili kwa wiki. Tuseme kila kikao kikishalipia kichujio, mipira, dawa za kuchanganyia, maji na stima, hubaki Sh5,000 za kusaidia mishahara na pango. Mtambo wa maji wa zamani huzima siku 20 kwa mwaka, na ukizima, mashine zote nane zinalala. Mtambo mpya ni Sh4,500,000.

Muuzaji anapiga hivi. Siku 20 mara vikao 24 mara Sh5,000 ni Sh2,400,000 zinazopotea kila mwaka. Tena mtambo wa zamani humwaga nusu ya maji: unaingiza lita 240 kupata 120. Mpya unahitaji 160 tu. Hizo ni lita 80 kwa kila kikao, karibu lita 600,000 kwa mwaka, sawa na bowser 60 za lita 10,000. Bowser ikiwa Sh8,000, ni Sh480,000 nyingine. Toa Sh180,000 ambazo matengenezo ya mtambo mpya yamezidi ya zamani. Faida ni Sh2,700,000 kwa mwaka, mtambo unajilipa kwa miezi 20. Makofi.

Mhasibu anavua miwani. Mtambo ukizima, anasema, wagonjwa hawayeyuki. Tunawaita Jumapili, tunaongeza zamu ya usiku. Baada ya kutoa posho za wauguzi, nusu ya zile pesa hurudi. Basi andika Sh1,200,000 badala ya 2,400,000. Faida inashuka hadi Sh1,500,000, na miezi 20 imekuwa miaka mitatu.

Fundi naye, aliyekuwa kimya pembeni, anakohoa. Huo mpya nao utazima, jamani. Stima yetu ni ileile, maji yetu ni yaleyale. Nipeni siku 10 kwa mwaka badala ya 20, nitashukuru. Basi kinachookolewa ni siku 10 tu, yaani Sh1,200,000, na nusu yake ni Sh600,000. Ukiongeza maji na kutoa matengenezo, inabaki Sh900,000. Miaka mitano.

Miezi 20, miaka mitatu, miaka mitano, na mtambo haujabadilika rangi. Kama utadumu miaka minane au kumi, bado ni ununuzi wa busara hata kwa hesabu ya fundi, na hilo ndilo lililonishangaza nilipoanza kuzifanya hesabu hizi kwa mkono. Muuzaji hakuhitaji kutia chumvi. Angekuja na nambari tatu, akasema hii ni ya mambo yakienda vizuri, hii ya katikati, hii ya mambo yakiharibika, na hata hii ya mwisho haiwatupi, angeondoka na saini. Alipokuja na ile ya miezi 20 peke yake, kila mtu mezani aliyewahi kupigiwa simu saa nane za usiku alijua kuna kitu kimefichwa, na akaanza kutilia shaka hata lita za maji, ambazo zilikuwa kweli tupu.

Lakini zile siku 20 zilitoka wapi? Hapa kuna ugonjwa wa hospitali zetu wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hospitali nyingi hazina daftari la mashine kulala. Ukiuliza mtambo ulizima mara ngapi mwaka jana, daktari atasema "kila siku", mkurugenzi atasema "mara moja moja", na fundi atatazama dari. Bila rekodi ya jana huwezi kuonyesha faida ya kesho. Muuzaji mwenye akili haanzi na picha ukutani. Huanza na daftari la kawaida la kurasa 96, akamwachia muuguzi mkuu wa wodi, akamwomba aandike kwa miezi mitatu: ilizima lini, ikawaka lini, wangapi walihamishwa, wangapi walirudi nyumbani. Nambari zilizoandikwa na mkono wa muuguzi wa wodi ile hazina mpinzani kwenye mkutano.

Turudi kwenye akaunti. Maji yaliyookolewa yana akaunti: bili ya bowser inapungua, unaiona mwisho wa mwezi. Vikao vilivyookolewa vina akaunti pia, ingawa pesa zake huja kwa mwendo wa kobe, maana hospitali nyingi zimekuwa zikilalamikia bima kuchelewa kulipa, na aliyekuuzia mtambo hatasubiri hadi SHA ikulipe. Yapo lakini mambo mengi yanayoitwa "okoa" ambayo hayana akaunti kabisa.

Chukua kifaa kinachomfanya mgonjwa aruhusiwe siku moja mapema. Ni faida ya nani? Hospitali ya binafsi inayolipwa kwa kila siku ya kulala imepoteza siku ya mapato. Umeiuzia kifaa cha kupunguza kipato chake. Hospitali inayolipwa kwa furushi, yaani kiasi kimoja kwa huduma nzima, kama vile Sh30,000 za kujifungua kwa upasuaji chini ya SHA, imefaidika moja kwa moja, kwa sababu mama akipata maambukizi kwenye kidonda akalala wiki nzima, furushi haliongezeki hata shilingi. Kwa hospitali hiyo, hata kifaa cha bei kali kinachozuia maambukizi kina mteja. Hospitali ya umma nayo ni habari nyingine. Pale Makadara, kama tunavyoiita Hospitali Kuu ya Pwani, mshahara wa muuguzi hautapungua kwa kuwa kitanda kimeachwa mapema. Kinachopatikana ni kitanda chenyewe, na nyuma yake kuna mgonjwa wa rufaa kutoka Kwale au Tana River anayesubiri. Hiyo ni thamani kubwa, pengine kubwa kuliko zote, ila ukiiandika kwa shilingi na kuiita akiba, mhasibu wa kaunti atakuuliza swali lilelile la akaunti, nawe utaaibika. Iandike kama vitanda. Sema wagonjwa wangapi zaidi kwa mwezi. Kaunti ina watu wanaojali hesabu hiyo, mradi usiivalishe nguo za pesa.

Na mgonjwa mwenyewe? Anayeruka kikao cha dayalisisi hujaa maji mwilini, hushindwa kupumua, huletwa usiku. Nauli, siku za kazi, hofu ya watoto: hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye vitabu vya hospitali. Mimi nashikilia kwamba mambo haya yasemwe kwenye mkutano kwa sauti, lakini kwenye ukurasa wake. Yakichanganywa na shilingi za bowser, mhasibu huyaona kama hila, na anayeumia ni mgonjwa.

Kuna jinsi nyingine ya kuonyesha thamani ambayo wauzaji wa kampuni kubwa huipenda: utafiti wa Uingereza. Kule taasisi yao ya NICE hupima matibabu kwa gharama ya kumpa mtu mwaka mmoja wa maisha yenye afya njema, na kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000. Ni chombo kizuri kwa serikali inayolipia nchi nzima. Hospitali ya Mombasa hailipwi kwa miaka ya maisha. Hulipwa kwa kikao, kwa furushi, kwa kitanda. Matokeo ya kitabibu ya utafiti ule yanaweza kusafiri, figo ni figo. Pauni zake hazisafiri.

Tahadhari juu ya cha bure. Maabara nyingi hupewa mashine ya kupima damu bila kulipa hata senti, kwa ahadi ya kununua kemikali kwa kampuni ileile. Si ubaya, kwa hospitali isiyo na mtaji inaweza kuwa njia bora. Ila gawanya: gharama yote ya mwaka kwa vipimo vilivyotoa majibu, sio kwa vipimo vilivyofanywa, kwa sababu vile vya majaribio na vilivyorudiwa hula kemikali pia. Ukipata nambari hiyo ndipo utajua kama mashine ilikuwa ya bure.

Kenya ilishalipa ada ya somo hili, tena ada kubwa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa tiba kwa hospitali 98, uliotajwa kugharimu karibu Sh38 bilioni. Kila kaunti ilianza kukatwa Sh95 milioni kwa mwaka, baadaye zikawa Sh200 milioni. Mahali vilipopata stima, maji na wataalamu, vifaa viliokoa watu safari za Nairobi. Mahali pengine vilikaa kwenye makasha. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti kali. Kwa mtazamo wangu, kosa lililozaa mengine ni kwamba thamani ilihesabiwa kwa nchi nzima kana kwamba hospitali zote 98 ni moja. Na hili si letu peke yetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopitia orodha za vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Mashine isiyowaka ina bei, haina thamani.

Kwa hospitali ya umma kuna kizingiti kingine, sheria. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka zabuni zitathminiwe kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye hati za zabuni, basi. Kama hati imeuliza bei ya kununua tu, mwenye mashine inayodumu miaka kumi atashindwa na mwenye ya miaka minne, na afisa wa ununuzi hawezi kumsaidia hata akitaka. Akijaribu atajikuta mbele ya wakaguzi. Kwa hiyo mazungumzo ya gharama za miaka yote, vifaa vya kutumika mara moja, muda wa fundi kufika na vipuri vilivyoko nchini yanafaa kufanyika wakati mahitaji yanaandikwa, hadharani, na wauzaji wote. Siku bahasha zinapofunguliwa hoja hizo zimeshakufa.

Yule kijana alirudi. Si wiki ile. Ilipita miezi mitatu na ushei. Safari hii hakuja na picha ya ukutani. Alikuja na daftari la wodi, kurasa zake zimelowa pembeni, na karatasi moja yenye safu saba. Mama mhasibu akaichukua, akatoa penseli, akaanza kuandika namba ya akaunti mbele ya kila safu. Mbele ya maji akaandika. Mbele ya vikao akaandika, akaongeza alama ya kuuliza. Safu mbili alizikata mstari bila kusema neno, na moja, ile ya wagonjwa waliorudishwa nyumbani, hakuikata wala hakuiandikia namba. Aliizungushia duara, akamsogezea mkurugenzi.

Halafu akamuuliza kijana kama ameshakunywa chai.